Dada, sheria hairuhusu

Juzi usiku mdogo wangu wa kike, yuko mwaka wa kwanza chuo huko Dodoma, kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Huyu akituma sauti ndefu hivyo ujue anataka hela. Safari hii hakutaka hela. Hosteli yao maji yalikatika, wakagoma, wakarudishwa makwao wiki mbili, sasa wamerudi na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, iko palepale kwenye ratiba, haijasogea hata siku moja. Mwenye mahudhurio chini ya asilimia 75 haingii kwenye chumba cha mtihani. "Kaka, si mliwahi kuandika barua ya kulegezewa masharti kule Mtwara? Nitumie, sisi tutabadilisha majina tu."

Barua ninayo. Niliitafuta kesho yake mchana nikiwa nje ya ghala, tunasubiri gari la magunia (siku hizi ni karani wa chama cha msingi cha ushirika huku Tandahimba, korosho ndiyo inanilisha). Nikaisoma yote. Imeandikwa vizuri, lazima niseme. "Kwa heshima na taadhima" imo mara tatu. Imeelezea kimbunga, barabara, intaneti. Kila kilichomo ni kweli.

Sijamtumia. Nimemwambia kwanza nimweleze, na maelezo ni marefu kuliko sauti yake, kwa hiyo nayaandika hapa.

Kwa ambao hawajapita huko: chuoni kwetu mtihani wa mwisho ulikuwa na alama 60 na kozi weki, yaani test na kazi za muhula, 40. Ili uingie UE, kozi weki ifike 16, mahudhurio yafike asilimia 75, ada iwe imelipwa. Ukikosa kimojawapo, jina lako linabandikwa ubaoni, na watu wanapita kulisoma kimyakimya kama tangazo la msiba.

Somo lililotutoa jasho mwaka wa pili lilikuwa Takwimu. Mapindi mawili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, wiki 15, jumla 30. Asilimia 75 ya 30 ni 22 na nusu, na kwa kuwa nusu pindi haihudhuriki, unatakiwa kuwa na 23. Ishike hiyo 23.

Mimi nilikuwa CR, mwakilishi wa darasa. Watu wanadhani CR ni cheo. CR ni mtu wa kutafuta waya wa projekta, kumpigia mwalimu kumkumbusha ana kipindi, na kutukanwa kwenye grupu matokeo ya test yakichelewa. Lakini ipo kazi moja yenye mamlaka kidogo: karatasi ya mahudhurio. Inaanzia kwako, inazunguka darasa zima, inarudi kwako, na wewe ndiye unayeipeleka kwa mwalimu. Kati ya kurudi kwako na kufika kwa mwalimu pana dakika mbili tatu ambazo hakuna anayekuangalia.

Nilikuwa nimepanga geto Magomeni ya Mtwara na mshikaji wangu mmoja ambaye usingizi wa asubuhi kwake ni ibada. Muhula ule nilimsainia mara tano. Sikuona kitu cha ajabu. Karibu kila mtu ana mtu wake wa kumsainia, na mtu huyo naye siku yake ikifika analipwa kwa chips au kwa desa (notsi za kunakili).

Darasani tulikuwa na dada mmoja mtu mzima, kama miaka 35 hivi, tukimwita Bi Mkubwa. Alikuja chuo akiwa na mtoto wa darasa la tatu aliyemwacha kwa bibi yake Muhoro, kule Rufiji. Alikaa mbele, aliuliza maswali ambayo sisi tuliona aibu kuuliza, na hakuwa na mtu wa kumsainia. Hakuwa na uadui na mtu. Ni umri tu: sisi tulikuwa tunakwenda Shangani jioni kuogelea, yeye anarudi kupika na kupiga simu nyumbani.

Mwaka 2024 mvua hazikujua neno basi. Aprili mto Rufiji ulifurika, Muhoro ikawa maji matupu, watu wakaacha nyumba na mashamba. Bi Mkubwa aliondoka kwenda kumhamisha mama yake na mtoto, akawapeleka kwa ndugu Ikwiriri. Alikosa wiki mbili. Mapindi manne ya Takwimu. Akarudi, akanakili madaftari yangu, akarudisha na soda juu yake.

Halafu ikaja ile wiki ambayo wanafunzi wote wa Tanzania wanaijua. Muungano Aprili 26 ilikuwa Ijumaa, Mei Mosi ikawa Jumatano, katikati hapo nani anakaa chuoni? Nusu ya darasa ilikwenda Dar. Mwalimu wa Takwimu akafundisha Jumanne na Alhamisi kwa haraka kama mtu mwenye gari linalomsubiri, kisha naye akaondoka kwenda Dar kwenye familia yake. Bi Mkubwa alikwenda Ikwiriri kuwaona mama yake na mtoto. Akakosa mapindi mawili, na hayo alijua anayakosa. Alikuwa amepiga hesabu: amekosa sita, amebaki na moja la akiba, anarudi Jumamosi ya tarehe 4.

Jumamosi ya tarehe 4 ndiyo siku ya kimbunga Hidaya.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema, hilo siwezi kuwalaumu. Redio zilisema, imamu msikitini alisema, hata mwenye nyumba wetu alikuja kutuambia tutoe ndoo uani. Wazee wa Kusini wana kimbunga chao cha 1952 kilichoipiga Lindi, na wakianza kukisimulia unaweza kudhani kilipita wiki jana. Sisi Mtwara mjini tulipata upepo na mvua, minazi ikainama, umeme ukaenda ukarudi. Kimbunga chenyewe kiliingia nchi kavu upande wa Mafia kikafa hapo. Lakini mvua yake ilishuka Kilwa, na barabara ya Kilwa ndiyo koo letu. Ikabomoka upande wa Somanga. Siyo mashimo: maji yalikula tuta, lami ikabaki inaning'inia kama ulimi. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Bashungwa, alikwenda kupiga kambi kulekule kusimamia matengenezo.

Asiyekaa Kusini hawezi kuelewa maana yake. Barabara hiyo ikikatika, Lindi na Mtwara tunakuwa kisiwa. Ukitaka kufika Dar kwa gari, unazunguka Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, Iringa, Morogoro: zaidi ya kilomita 1,500 badala ya kama 560. Wenzetu watatu waliokuwa Dar walirudi kwa njia hiyo. Wazazi wao walikuwa na hela. Walifika miguu imevimba, wakalala siku nzima, na kwenye begi kila mmoja ana tiketi tatu au nne za mabasi. Zikumbuke hizo tiketi.

Mwalimu wa Takwimu naye alikuwa amekwama Dar. Jumanne tarehe 7 Mei asubuhi akanipigia. "CR, mimi sipo. Wape zile slaidi wasome. Pitisha karatasi ya mahudhurio, nisije nikaulizwa." Nikapitisha. Watu kama sitini hivi tuliokuwepo tukasaini, tukaondoka, wengine wakaenda kunywa chai, na mimi kabla ya kuikunja nikamsainia mshikaji wangu aliyekuwa geto anakoroma. Alhamisi tarehe 9 hivyohivyo.

Kwa hiyo kwenye kumbukumbu za chuo kuna watu sitini waliohudhuria mapindi mawili ambayo hayakufundishwa, na kuna dada mmoja aliyeyakosa.

Jumanne ileile saa nne na kitu ilikuwa imeingia meseji kutoka Ikwiriri. Meseji ya kawaida. "CR mambo. Magari hayavuki. Naomba nisainie hizo mbili basi, Mungu akulipe."

Nilijibu: "Pole dada. Ila sheria hairuhusu."

Nimefikiri sana kwa nini nilijibu vile wakati kalamu niliyomsainia mshikaji wangu ilikuwa bado mkononi. Sikumchukia. Nadhani mtu ambaye hujazoea kula naye chips, akikuomba jambo la haramu, ndipo unapokumbuka kuwa ni haramu.

Magari yaliporuhusiwa kupita hakungoja basi. Alipanda Fuso lililobeba mabati hadi Nangurukuru, kisha gari la samaki hadi Lindi, kisha Noah. Akatua Mtwara Jumapili ya tarehe 12 jioni, na Jumapili hiyohiyo intaneti ikafa. Ile ya nyaya za baharini, EASSy na Seacom, zilizokatika kwa pamoja, nchi nzima ikawa inakodolea macho kiduara kinazunguka. Sisi tulikuwa na kazi ya kupakia kwenye mfumo wa chuo, mwisho Jumatatu saa sita usiku. Usiku ule uani kwetu mlikuwa na watu wanane wameinua simu juu kama wanatafuta nyota. Mmoja alipanda mwembe. (Hakupata mtandao, alipata siafu.)

Hapo ndipo barua ilipozaliwa. Hasira ilikuwepo, na hasira ilikuwa na haki yake. Test 2 ilikuwa imefanyika huku watu wako njiani. Kazi imeshindwa kupakiwa. Mahudhurio ya wengi yameshuka. Tukakaa CR watatu wa mwaka wa pili, tukaandika: mahudhurio yashushwe kutoka asilimia 75 hadi 60, kozi weki kutoka 16 hadi 12, kwa wanafunzi wote. Tukazungusha karatasi ya sahihi na kwa siku moja tukapata 112. Hakuna barua iliyowahi kupendwa hivyo. Walisaini waliokwama, wakasaini waliokuwa Mtwara muda wote wanacheza pool, akasaini na jamaa mmoja ambaye tangu muhula uanze nilikuwa nimemwona mara mbili, mojawapo siku ya kusaini boom (hela ya mkopo ya kujikimu).

Bi Mkubwa naye alisaini. Aliisoma yote kwanza, akauliza, "Kwa nini sitini? Sabini na tano ina ubaya gani? Si mngeomba tu zile siku zisihesabiwe?" Nikamwambia ndivyo barua zinavyoandikwa, unaomba kikubwa ili upewe kidogo. Akasaini.

Ofisi ya mitihani ilikuwa na mama mmoja, khanga imetandikwa kwenye kiti, miwani imefungwa uzi. Tulimwamkia, akaitika, akatuacha tumesimama mpaka amalize kusoma. Akaisoma mara mbili. Sikuona dharau usoni pake.

"Wanangu," akasema, "huyu aliyekuwa barabarani namwelewa. Huyu aliyekuwa hapahapa Mtwara, anashushiwa kwa kipi?"

Tukatazamana. CR mwenzangu akasema jambo kuhusu usawa. Mama akaliacha lipite.

Kisha akafungua faili. "Mwalimu wenu wa Takwimu. Nasikia naye alikwama. Vipindi vya tarehe 7 na 9 vilifanyika?"

Aliniuliza mimi. Na ngoja nieleze kilichopita kichwani, kwa sababu kilipita kwa urefu, ingawa nilijibu upesi. Nikisema havikufanyika, vinafutwa kwa wote. Mapindi yanakuwa 28. Asilimia 75 ya 28 ni 21. Bi Mkubwa, ambaye kufikia mwisho wa muhula angekuwa na 22, anaingia mtihani bila kuomba huruma ya mtu. Hata mshikaji wangu, mwenye 23 za kwenye karatasi, angetolewa mbili akabaki na 21, asilimia 75 kamili, hana hata punje ya ziada, lakini ndani. Hakuna mwanafunzi ambaye angeumia. Ila faili lina karatasi mbili zenye sahihi sitini na kitu za darasa lisilo na mwalimu, zimepitishwa na mimi, na kwenye kila moja kuna sahihi mbili zilizoandikwa na mkono mmoja.

"Vilifanyika, mama," nikasema.

Akaandika. Tukatoka.

Hiyo ndiyo sababu, mdogo wangu, siitumi ile barua. Tuliomba masharti yalegezwe kwa sababu kuomba hesabu isahihishwe kungetuumbua. Ukiomba 60, hakuna anayekuuliza 75 ilihesabiwaje. Huku ghalani mkulima anasimama mbele ya mizani na gunia lake, anaangalia namba, ndipo nakata stakabadhi. Gunia ambalo halijafika sina namna ya kuliandika, na mzee wa Kimakonde akiona umechezea kilo yake utaijua Tandahimba. Chuoni nilikuwa naandika magunia ambayo hayapo, kisha nikaenda kulalamika kuwa bei ni mbaya.

Majibu yalikuja baada ya wiki. Kazi za mtandaoni ziliongezewa siku tano. Test 2 ikarudiwa Jumamosi moja kwa waliokosa. Asilimia 75 ikabaki, kozi weki 16 ikabaki, na aliyekwama njiani alete ushahidi, atafikiriwa mmoja mmoja. Kusema kweli ni majibu ya watu waliofikiri. Ningekuwa mimi ofisini ningeandika hivyohivyo.

Ushahidi ulikuwa tiketi. Wale watatu waliozungukia Songea wakatoa tiketi zao, wakapita. Bi Mkubwa alikuwa na nini? Fuso la mabati halikati tiketi. Aliambiwa alete barua ya mtendaji wa huko alikokuwa, yenye muhuri. Mtendaji akaandika, akapiga picha, ikaja kwa WhatsApp. Ofisi ikataka halisi. Halisi ikapewa konda wa basi Ikwiriri, konda akapita nayo mpaka Masasi kwa sababu alihamia gari jingine, ikarudi Mtwara Jumatatu. Mwisho wa kupokea ushahidi ulikuwa Ijumaa.

Jina lake likabandikwa ubaoni. Takwimu peke yake: 22 kwa 30, asilimia 73.3. Amepungukiwa pindi moja.

Masomo mengine alifanya na wenzake. Takwimu ikaandikwa atafanya mtihani maalumu Septemba, wakati wa sup, mitihani ya marudio. Kwa asiyejua anaweza kuona ni jambo dogo, si atafanya tu? Septemba ni nauli ya kuja na kurudi, ni chumba ulichokwisha kukiachia, ni likizo nzima umekaa na daftari badala ya kumsaidia mama yako kupanda upya shamba lililosombwa.

Nilikutana naye tena Septemba. Kwa sababu nami nilirudi. Mimi mwenye mahudhurio 29 kati ya 30 (27 ukiyatoa yale mawili ya hewa) nilikamatwa na Takwimu. Mshikaji wangu mlala asubuhi alipata C na hajui hadi leo aliipataje.

Tulikuwa watu 11 nje ya mlango, saa mbili kasoro asubuhi, Mtwara imeshaanza kuchoma. Yeye kakaa kwenye ngazi anakula ming'oko, ile mizizi ya porini, kwenye karatasi, kikokotoo kimelala mapajani. Akanikaribisha. Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa tangu Tandahimba kumwambia, nikamwambia yote, ya tarehe 7, ya mshikaji wangu, ya ofisini kwa yule mama. Alitafuna taratibu mpaka nilipomaliza.

"Ya ofisini sikuijua," akasema. "Ya kusaini niliijua. Wewe r yako ina mkia, CR. Nilikuwa nanakili madaftari yako."

Nikakosa la kusema. Akanisogezea karatasi ya ming'oko, nikachukua mmoja.

Msimamizi akafungua mlango, akasimama na fomu ya kusaini kabla ya kuingia, kalamu imefungwa kwa uzi kwenye ubao. Bi Mkubwa alikuwa mbele yangu. Ilipofika zamu yake aliishika ile kalamu, akageuka, akaninyooshea.

"CR," akasema, kwa sauti ya kusikika na msimamizi, "nisainie basi."